Maswali ya Moyo: Mawazo, Presha na Kifua Kinachobana

Barua za toleo hili karibu zote zimeuliza jambo moja kwa sauti tofauti: je, mawazo yanaugusa moyo wenyewe, ule wa nyama, au ni lugha tu? Tumechagua saba. Majina tumeyaondoa, na barua ndefu tumezifupisha.

Shikamoo daktari. Nina miaka 46, mwanamume. Nikigombana na mtu moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, mikono inatetemeka. Nikilalamika naambiwa, "Hayo ni mawazo tu, yatapita." Je, mawazo yanaweza kweli kumpa mtu ugonjwa wa moyo?

Marahaba. Yanaweza, na tatizo la jibu ulilopewa ni hilo neno "tu".

Unapogombana, ubongo hutuma amri kwa njia mbili. Ya kwanza hupita kwenye mishipa ya fahamu na kufika ndani ya sekunde chache: tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio na kusukuma kwa nguvu, mishipa midogo hubana, presha hupanda, na chembe sahani za damu huwa tayari kugandamana. Mpangilio huu ni wa kumwokoa mtu aliyejeruhiwa, ili damu yake isimwagike yote. Njia ya pili ni ya polepole, nayo ni kotisoli, homoni inayopandisha sukari na kuuweka mwili macho kwa muda mrefu.

Mtu mwenye mishipa safi hupitiwa na dhoruba hiyo akabaki salama. Hatari humpata yule ambaye tayari ana utando wa mafuta ndani ya mishipa inayolisha moyo, na mara nyingi hajui kama anao. Presha ikiruka ghafla utando huo unaweza kupasuka, damu ikaganda juu ya mpasuko, na mshipa ukaziba. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Januari 17, 1994 tetemeko la Northridge lilipoipiga Los Angeles alfajiri, vifo vya ghafla vya moyo, ambavyo wastani wake ulikuwa 4.6 kwa siku, vilifika 24 siku hiyo moja. Siku zilizofuata vikashuka chini ya wastani wa kawaida. Kushuka huko kunaeleza mengi: hofu iliwachukua zaidi waliokuwa karibu na ukingo, ambao pengine wangefariki siku chache baadaye. Huko Munich, wakati wa Kombe la Dunia la 2006, dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza. Na utafiti kuhusu hasira umeonyesha kuwa katika saa 2 baada ya mlipuko wa hasira, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo ni karibu mara 5 ya kawaida. Usiogope kupita kiasi: kwa mtu wa umri wako asiye na ugonjwa, uwezekano wa saa 2 zozote ni mdogo mno, na mara 5 ya kidogo mno bado ni kidogo. Kinachobadilisha hesabu ni kukasirika kila siku, au kukasirika huku una presha, sukari au sigara.

Msongo unaodumu miezi na miaka una njia yake nyingine. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwapiga picha watu 293 ukaona kuwa wale ambao amigdala yao, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu, ilikuwa na shughuli nyingi, uboho wao, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu, nao ulishughulika zaidi, kuta za mishipa yao zilikuwa na uvimbe zaidi, na walipata magonjwa ya moyo zaidi miaka iliyofuata. Halafu kuna njia ambayo haihitaji mashine kuiona: mwenye mawazo huvuta sigara zaidi, hunywa zaidi, halali, huacha kutembea, husahau vidonge vyake.

Kwako tunashauri mambo mawili. Pima presha, sukari na lehemu (kolesteroli) mwaka huu. Pili, jifunze kuusoma moyo unapodunda. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, uhesabu kwa sekunde 60 kamili. Mapigo ya hasira hupanda taratibu, yana mpangilio, na hushuka taratibu. Mapigo yanayowaka ghafla kama taa na kuzimika ghafla, au yasiyo na mpangilio wowote, ni jambo jingine. Hayo yanahitaji ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ukiona kizunguzungu kikali, ukizimia au kifua kikikuuma, usisubiri miadi, nenda dharura.

Habari za kazi. Kliniki presha yangu inasoma 158/96. Nyumbani, kwa mashine ya dada yangu, inasoma 126/78. Nina mawazo mengi ya kazi, na siku nikiwa na mawazo naisikia kabisa presha ikipanda. Mashine ipi inadanganya?

Huenda hakuna inayodanganya. Wako watu wengi ambao presha yao hupanda wakiketi mbele ya mhudumu wa afya na kushuka wakirudi nyumbani. Wapo pia wa kinyume: kliniki wako sawa, nyumbani au kazini iko juu. Hawa wa pili tunawahofia zaidi, kwa sababu hutoka kliniki wamepongezwa.

Lakini kwanza tunyooshe neno. Kwa Kiswahili tunasema "presha" kwa mambo mawili, shinikizo la damu na hali ya kubanwa na mambo, kama mtu asemapo "usinipe presha". Ndipo watu huamini kwamba shinikizo la damu husikika. Kwa kawaida halisikiki. Unachokisikia siku ya mawazo ni mapigo ya moyo na misuli ya shingo iliyokaza. Mtu anaweza kutembea na 170/100 miaka mingi bila hata kuumwa kichwa, na wengine humeza vidonge siku wanapojisikia vibaya tu, wakaviacha siku nyingine. Hilo ni kosa kubwa.

Ili kujua ukweli, pima nyumbani siku 7 mfululizo kwa mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Kwa nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kitini, mgongo umeegemea, nyayo zimegusa sakafu, miguu haijapishana, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi tupu. Kaa kimya dakika 5, bila simu. Pima, subiri dakika 1, pima tena. Fanya hivyo asubuhi kabla ya vidonge, na jioni. Utakuwa na vipimo 28. Vya siku ya kwanza, vyote 4, viweke kando, kisha tafuta wastani wa vile 24 vilivyobaki.

Wastani wa 135/85 au zaidi nyumbani ni presha ya juu; kliniki kiwango kinachotumika sana ni 140/90. Namba hizo mbili si za kuchanganya.

Na makosa tunayoyaona kila mara ni haya: mkanda mdogo kwa mkono mnene, ambao husoma juu, mkono unaoning'inia, ambao nao husoma juu, na kuongea wakati wa kupima. Kuongea peke yake kunaweza kuipandisha namba ya juu kwa 10 hivi. Mashine ya dada yako uipeleke kliniki siku moja, mpime kwa zamu mkono uleule na kulinganisha. Vipimo vya nyumbani vikibaki chini, huenda huhitaji dawa sasa, ila urudie kila mwaka, maana watu wa kundi lako huelekea kupata presha ya kudumu kuliko wengine.

Jambo la mwisho kwako: usipime ukiwa na hofu, kisha ukaogopa namba, kisha ukapima tena. Tumeona vijitabu vyenye vipimo 15 kwa saa moja, kila kimoja juu ya kilichotangulia. Hata hivyo, ikisoma 180/120 au zaidi, tulia dakika 5 na urudie. Ikibaki hapo na una maumivu ya kifua, kuhema, ganzi upande mmoja, kuona ukungu au kuchanganyikiwa, ni dharura. Bila dalili hizo, wasiliana na daktari siku hiyohiyo.

Mimi ni dada wa miaka 34. Usiku naamka kifua kimebana, vidole vinafanya ganzi, naona kama nakufa. Mara mbili nimepimwa ECG nikaambiwa moyo ni mzima, ni wasiwasi. Nitajuaje siku itakapokuwa moyo kweli?

Pole sana dada. Hilo ni swali gumu kuliko yote tuliyopokea, na tutalijibu bila kukuficha: mara ya kwanza, hakuna anayeweza kutofautisha nyumbani kwa uhakika. Hata daktari hatofautishi kwa kutazama uso, hutumia vipimo.

Unachokieleza kinafanana na shambulio la hofu. Mtu huhema haraka bila kujua, hewa ya ukaa katika damu hushuka, na kushuka huko ndiko kunakoleta ganzi ya vidole na kuzunguka mdomo, kizunguzungu, na hisia ya kukosa pumzi ilhali oksijeni ipo tele. Hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hulegea. Maumivu yake mara nyingi huchoma sehemu moja ndogo unayoweza kuionyesha kwa kidole.

Maumivu ya mshtuko wa moyo kwa kawaida ni uzito au kubanwa katikati ya kifua, eneo la kiganja kizima. Husambaa kwenye bega, mkono, taya au mgongo, huja na jasho la baridi na kichefuchefu, na hayaondoki ukibadili mkao. Sasa angalizo: kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, mshtuko unaweza kuja kwa kuhema, uchovu usio wa kawaida au tumbo kuvurugika, kifua kikiuma kidogo tu. Ndiyo maana wanawake wengi hurudishwa nyumbani wakiambiwa ni wasiwasi, na jambo hilo linatusikitisha.

Kanuni yetu ni hii: dalili ikiwa mpya, au ikiwa tofauti na ulivyozoea, au ikidumu zaidi ya dakika 15, ichukulie kuwa ni moyo. Acha unachofanya, keti ukiwa umeegemea na magoti yamekunjwa, piga simu ya dharura, fungua mlango. Usiendeshe gari. Kama huna mzio wa aspirini wala vidonda vinavyotoa damu, tafuna miligramu 300. Hospitalini ECG inapaswa kufanywa ndani ya dakika 10, na damu ipimwe troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia. Troponini huchukua muda kupanda, kwa hiyo kipimo kimoja cha mapema hakitoshi, hurudiwa baada ya saa chache. Na ECG iliyopigwa maumivu yakiwa yameshapita inaweza kuwa safi. Uliza kama zako mbili zilipigwa ukiwa unaumwa, na kama troponini ilipimwa.

Kwa kuwa wewe huamshwa usingizini, omba pia kupimwa tezi ya shingo na wingi wa damu, na uulize anayelala karibu kama unakoroma na kukatika pumzi. Anayekatika pumzi usiku huamka akihema na moyo ukimwenda mbio, na dawa za wasiwasi hazimponyi.

Yote yakiwa safi, basi shambulio la hofu ni ugonjwa kamili wenye tiba yake. Tiba ya mazungumzo inayofundisha namna ya kufikiri na kutenda wakati wa hofu husaidia wengi. Linapokujia, usivute hewa nyingi, itoe: pumua ndani kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, ukilegeza mabega. Ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko uachwe kabisa. Ikitokea kuwa ni moyo au mapafu, mfuko unamnyima mgonjwa oksijeni anayoihitaji.

Shikamoo. Mama yangu, miaka 67, alipoletewa habari ya kifo cha kaka yake alishikwa na maumivu makali ya kifua. Hospitali walisema ECG na damu vinaonyesha mshtuko wa moyo, lakini walipoangalia mishipa ikawa haijaziba. Wakasema moyo umedhoofishwa na huzuni. Tuwaamini?

Marahaba, na poleni kwa msiba. Waaminini. Ugonjwa huo upo, na jina lake ni takotsubo. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990, wakauita kwa jina la mtungi wa wavuvi wa kutegea pweza, wenye tumbo pana na shingo nyembamba. Ukitazama picha ya moyo wa mgonjwa unaona mtungi huohuo: ncha ya chumba cha kushoto imetuna na haisogei, wakati sehemu ya juu karibu na mlango inakaza kwa nguvu. Inaaminika kwamba wingi wa adrenalini huishitua misuli ya moyo. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wao waliokwisha koma hedhi. Huzuni si chanzo pekee. Ugonjwa mkali, upasuaji, shambulio la pumu, hata furaha ya ghafla vimewahi kuuleta.

Moyo wa wengi hurudi hali yake ndani ya wiki chache, ndiyo maana mama ataitwa kurudia kipimo cha picha ya moyo, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 8. Msikose miadi hiyo hata akiwa anajisikia vizuri. Siku za mwanzo zina hatari ya mapigo kuvurugika na moyo kushindwa kusukuma, wachache hufariki, na wachache hupatwa tena baadaye. Kwa hiyo msione kuwa amelazwa bure.

Wanaofiwa wanahitaji jicho la karibu hata bila takotsubo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 ulikuta kuwa katika saa 24 za kwanza baada ya kumpoteza mtu wa karibu, uwezekano wa mshtuko wa moyo ulikuwa takriban mara 21 ya kawaida, ukapungua siku baada ya siku. Mwenye presha au kisukari anapofiwa, mteueni mtu mmoja wa kuhakikisha anameza dawa zake, anakunywa maji, na analala hata saa chache. Na akisema kifua kinauma, asijibiwe kwamba ni uchungu wa kufiwa.

Baba alipata mshtuko wa moyo miezi 3 iliyopita. Sasa hataki kuongea, hali vizuri, dawa anasema hazina maana. Ndugu wanasema ni uzee. Tufanyeje?

Si uzee. Karibu mtu 1 kati ya 5 hupata sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, baada ya mshtuko wa moyo, na wenye sonona huishi vibaya na kufa mapema kuliko wenzao. Muulize maswali mawili: katika wiki 2 zilizopita, je, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Je, umejisikia mnyonge, au huna tumaini? Jibu la "siku nyingi" kwa lolote kati ya hayo linatosha kumpeleka kwa daktari.

Mwambieni daktari wazi kuwa ana ugonjwa wa moyo, kwa sababu dawa za sonona hazifanani. Sertraline imechunguzwa kwa watu waliotoka kwenye mshtuko na kuonekana salama kwa moyo. Amitriptyline na jamii yake huweza kuvuruga mapigo, haifai kwake. Msitarajie muujiza: jaribio kubwa la 2003 lilionyesha kuwa tiba ya mazungumzo ilipunguza sonona, ila haikupunguza vifo. Sisi bado tunaitetea, kwa sababu mtu anayeona maisha yana maana humeza vidonge, hutembea, na huacha sigara. Ulizeni pia mpango wa mazoezi yanayosimamiwa kwa waliopona. Huo husaidia moyo na akili kwa pamoja.

Akisema angetamani kufa, msimwache peke yake, dawa ziwekwe mbali naye, na apate msaada siku hiyohiyo.

Rafiki hunipa propranolol yake kabla ya mikutano, inanituliza. Kuna ubaya?

Upo. Propranolol ni dawa ya moyo na presha inayopunguza kasi ya mapigo. Kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa kwa hatari. Kwa mwenye mapigo ya polepole inayashusha zaidi, na kwa anayetumia insulini inaficha dalili za sukari kushuka. Aliyeizoea kila siku akiiacha ghafla, moyo unaweza kurudi mbio kuliko mwanzo. Nenda upimwe, pengine utaandikiwa ya kwako kwa kipimo chako.

Nafanya kazi saa 60 kwa wiki, kila daktari ananiambia "punguza mawazo". Nayapunguzaje?

Tunaelewa uchungu wa swali lako, maana agizo hilo halina kipimo wala hatua. Saa zenyewe kwanza. Mwaka 2021 WHO, Shirika la Afya Duniani, na ILO, Shirika la Kazi Duniani, zilitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa 35%, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa 17%, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Hakuna zoezi la kupumua linalofuta hayo. Kama kuna saa 6 unazoweza kuzirudisha, anzia hapo.

Kupumua lakini kuna nafasi yake. Pumzi 6 kwa dakika, sekunde 4 ndani na 6 nje, dakika 10 hadi 15 kila siku, umeketi. Kutoa pumzi taratibu huuamsha mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaopunguza kasi ya moyo. Wanaokosea huvuta hewa kwa nguvu mpaka wakapata kizunguzungu. Pumzi iwe ndogo na ya tumboni. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunatimiza zile dakika 150 zinazopendekezwa, na unaweza kuzigawa vipande vya dakika 10.

Kama tungekuchagulia kimoja, tungechagua usingizi, saa 7 hadi 9. Kafeini isizidi miligramu 400 kwa siku, na ya mwisho iwe angalau saa 6 kabla ya kulala. Pombe usiitumie kama dawa ya usingizi: inakulaza haraka, kisha usiku wa manane inakuamsha moyo ukienda mbio. Ukikosa usingizi siku 3 au zaidi kwa wiki kwa miezi 3, hiyo ni maradhi yenye tiba, na tiba ya kwanza ni ya mazungumzo na ratiba ya kulala, siyo vidonge. Uliza kuhusu hiyo kwa jina: tiba ya tabia kwa kukosa usingizi.